Kipochi cha Karatasi

Shuleni, Sanya Juu
Jumapili, 14 Aprili 2024

Kaka Filemon,

Shikamoo. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea. Natumaini wewe huko Shirimatunda na Mama kule nyumbani Marangu mnaendelea vizuri.

Bahasha yako ilifika Alhamisi. Matroni Leonia aliifungua mbele yangu kama anavyofungua barua zetu zote. Akazimwaga mezani zile karatasi ulizokata kwa ukubwa wa simu, akaniangalia juu ya miwani. "Elinipendo, simu zimekatazwa shuleni, sasa kaka yako ameamua kukutumia ya karatasi?"

Nikamweleza kwamba unatengeneza programu iitwayo Kipochi, ya kuwekea sarafu za kidijitali. Nikamwambia siku hizi baadhi ya watalii wanawalipa hivyo wagumu wanaowabebea mizigo mlimani, na hata akina mama kama Mama yetu, wanaowapokea wageni kihambani, kwenye shamba la nyumbani, na kuwaonyesha kahawa inavyokaangwa na kutwangwa. Na kwamba unataka ijaribiwe na watu wasioijua kabisa, kabla hujaikamilisha kwenye kompyuta. Akasema basi wa kwanza kujaribu ni yeye.

Nilifuata maagizo yako. Niliweka karatasi ya kwanza mbele yake, sikueleza kitu. Kila alipobonyeza kwa kidole, nilibadilisha karatasi. Alikwama kwenye anwani ya kupokelea, ule mstari mrefu wa herufi na namba. Akauliza, "Hii ni nini, namba ya gari la ubalozi?"

Goodness, ninayelala naye kitanda cha juu na chini, alifika mbali zaidi. Yeye alikwama pale penye maneno kumi na mawili ya Kiingereza ya kufungulia pochi simu ikipotea. Umeandika: "Yaandike. Yafiche. Usimwambie mtu yeyote." Goodness akasoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Na mimi nikifa?"

Naomba unijibu ili nimjibu.

Mdogo wako,
Elinipendo


Shirimatunda, Moshi
Jumamosi, 27 Aprili 2024

Mpendwa Elinipendo,

Marahaba. Mwambie Matroni mstari wa ubalozi nimeufuta. Sasa mtu ataona jina na picha tu, herufi zote zitabaki chini ya boneti.

Swali la Goodness limenikosesha raha. Halafu Jumanne likaja jingine. Nilikuwa nimempa jirani yetu wa Marangu, Mama Beatrice, ajaribu Kipochi cha kweli kwenye simu yake. Nikamwonya sana kuhusu yale maneno kumi na mawili, kwamba ndiyo ufunguo wa mali yake yote. Ameyachukuaje? Ameyapeleka jumuiya. Amesimama, ameyasoma yote kwa sauti, moja moja, akaomba wayaombee ulinzi. Mwinjilisti akaomba asomewe tena neno la saba kwa sababu hakulisikia vizuri. Mama alikuwepo. Ananihadithia huku anajifuta machozi ya kucheka.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Mama Beatrice hana kitu cha thamani ambacho hajawahi kukipeleka jumuiya. Mimi ndiye niliyetengeneza kitu kisichomfaa.

Kwa hiyo maneno nimeyaondoa. Badala yake, kila mtu atachagua walinzi watatu kutoka kwenye majina yaliyomo kwenye simu yake. Simu ikipotea, wawili kati ya hao wakikubali, pochi inafunguka kwenye simu mpya. Mwambie Goodness akifa, walinzi wake wapo.

Mwenzangu Damian amefurahi. Yeye ndiye anayeongea na wenye mtaji Dar es Salaam, na wimbo wake ni mmoja: watu laki moja waitumie bila kufundishwa na mtu. Mama amekuwa wa kwanza kuchagua walinzi. Wewe ni mmoja, laini yako ipo kwenye simu yako kabatini. Mimi ni wa pili. Wa tatu amekataa kunitajia, anatabasamu tu.

Karatasi mpya zimo humu.

Kaka yako,
Filemon


Shuleni, Sanya Juu
Jumapili, 16 Juni 2024

Kaka Filemon,

Shikamoo. Wenzetu wa vidato vya chini wamekwenda likizo, sisi kidato cha nne tumebaki kambi. Bweni limekuwa kimya. Nilitamani sana kuja nyumbani, lakini mkuu wa shule hakumruhusu mtu.

Nimewajaribu wasichana tisa na mpishi mmoja. Walinzi watatu wameeleweka kwa wote, hata hakuna aliyeuliza. Kindness alisema ni kama wasimamizi wa ubatizo. Kasoro ni ile karatasi ambayo mlinzi anaulizwa kama anakubali. Umeandika "Idhinisha." Mpishi aliirudisha akasema yeye si mtu wa ofisini. Kindness akasema neno hilo lina sauti ya mkuu wa shule.

Nilifikiri usiku kucha, usinicheke. Mlinzi haidhinishi kitu. Anachofanya ni kusema kwamba huyu mtu kwenye picha ndiye, anamjua, si mwizi. Kwa hiyo nilichukua karatasi nyingine nikachora picha ya mtu, chini yake swali: "Unamtambua?" Na kitufe kimoja kikubwa: "Namtambua." Wote kumi walibonyeza bila kusita. Naomba ukilitumia hilo neno, usimwambie Damian kwamba ni la kwako. Natania. Mwambie tu.

Mama hajajibu barua yangu ya Mei. Nadhani ni msimu wa wageni.

Elinipendo


Marangu
Jumapili, 21 Julai 2024

Mpendwa Elinipendo,

Neno lako limekubaliwa. Damian alilisoma kwenye simu, akasema, "Huyu mdogo wako akimaliza shule tumwajiri." Nimemwambia akimaliza shule anakwenda kidato cha tano.

Karatasi zilizomo humu ni tofauti kidogo. Herufi nimezikuza. Namba ya siri nimeiondoa, sasa ni kidole gumba tu, maana namba watu wanazisahau. Kisha nimeongeza swali. Mtu akitaka kutuma kwa mtu aliyekwisha kumtumia siku hiyohiyo, Kipochi kinamuuliza: "Umeshamtumia leo. Unataka kumtumia tena?" Wajaribishe, unieleze.

Mama hajambo, anakusalimu. Ng'ombe amezaa, ndama jike.

Filemon


Shuleni, Sanya Juu
Jumapili, 25 Agosti 2024

Kaka Filemon,

Shikamoo. Asante kwa kuja siku ya wazazi na asante kwa kiburu cha ndizi na maharage. Tulikila na Goodness mpaka tukakwangua bakuli. Pole kwa Mama kuumwa mguu. Nilikuwa nimempangia kiti kivulini na nilikaa karibu nacho mpaka ulipofika peke yako.

Sasa naomba nikuandikie kama mjaribishaji wako, siyo kama mdogo wako.

Lile swali la kutuma tena halijatokea hata mara moja. Niliwaambia wasichana watume chochote kwa yeyote. Hakuna aliyetuma mara mbili kwa mtu mmoja siku moja. Goodness aliitazama karatasi yako ya mfano, ya kulipia pumba za ng'ombe, akasema, "Nani atalipa pumba zilezile asubuhi na jioni?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu sisi ndio tunaonunua pumba.

Tena barua yako ya Julai umeandika "Marangu" juu, siyo Shirimatunda. Na karatasi ya mwisho kati ya zile ulizonikabidhi siku ya wazazi ina picha yangu. Wengine umewawekea jina tu, lakini chini ya yangu umeandika: "Huyu ni Elinipendo. Ni binti yako wa mwisho. Yuko shule."

Kaka, mtu wa namna gani anahitaji kuambiwa hivyo na simu?

Nimemwandikia Mama mwenyewe kumuuliza. Usikasirike.

Elinipendo


Nyumbani
Tarehe 8 mwezi wa tisa

Mwanangu mpendwa Elinipendo,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Kahawa imeanza kuiva kule chini karibu na mfereji. Usome kwa bidii.

Umeniuliza nani anatuma mara mbili. Mimi sijui. Filemon siku hizi ananiuliza maswali kama karani wa sensa. Leo siku gani, mama? Huyu nani, mama? Anakaa hapa nyumbani haendi kazini, nadhani wamemfukuza anaona aibu. Usimwambie nimekuambia.

Baba yako amekwenda sokoni Himo na ndizi tangu asubuhi. Akirudi nitampa barua yako aisome, yeye macho yake ni mazuri kuliko yangu. Amechelewa kidogo.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Usome kwa bidii.

Mimi mama yako,
Mama Filemon


Marangu
Jumapili, 22 Septemba 2024

Elinipendo,

Filbert wa gari la maziwa, anayefika hapo shuleni, ameniambia Matroni alikukuta umekaa chooni na barua ya Mama mkononi, hukutaka kutoka. Ameniambia pia kwamba hujala siku mbili.

Kwenye bahasha hii utakuta jani. Najua likifika litakuwa limekauka. Ni isale, nimelichuma kwenye kaburi la Baba, chini ya migomba. Unajua kwamba anayeletewa isale anaombwa msamaha, na hawezi kukataa. Ndiyo maana nimelitanguliza kabla ya maneno yangu.

Ugonjwa wa Mama ulianza mwezi wa tatu. Alikaanga kahawa ya wageni, akaisahau jikoni, akakaanga nyingine. Tulicheka. Mwezi wa tano akamlipa Antoni muuza pumba mara tatu kwa siku moja. Antoni ni mtu mwema, alirudisha, lakini ni kwa sababu tu ni Antoni. Kitu kikishatumwa kwenye Kipochi hakirudi. Nikampeleka hospitali Moshi. Daktari alikuwa mpole. Alisema ubongo wake unazeeka haraka kuliko yeye, na dawa itapunguza mwendo tu, haitaurudisha. Nilihamia nyumbani wiki ileile.

Mama mwenyewe, siku aliyokuwa na akili zake zote, alinishika mkono akasema, "Usimwambie mtoto mpaka amalize mtihani." Nilimwahidi. Yeye alikwisha kusahau kwamba aliniahidisha, mimi nikabaki na ahadi peke yangu.

Karatasi ulizokuwa unajaribisha zilikuwa za watu laki moja wa Damian. Lakini kila nilipokaa kuzichora, niliyekuwa namwona ni mtu mmoja tu. Nilikuwa nakimbizana naye. Nikiondoa namba ya siri, anasahau majina. Nikiweka picha, anasahau picha ni za nani. Damian ameona yale maelezo chini ya picha, amesema yaondoke, yanajaza kioo bure. "Kaka, hatuwezi kutengenezea watu wote ugonjwa wa mama mmoja." Hakusema kwa ubaya.

Usije. Mtihani ni Novemba. Nakuomba.

Filemon


Shuleni, Sanya Juu
Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Kaka,

Jani limefika. Limekatika vipande viwili, nimevibandika kwenye daftari la Biolojia. Sina la kukataa. Lakini nilikasirika sana na bado nina kahasira kidogo, nakueleza ili nisikufiche kama ulivyonificha.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa. Alisema angenipa siku tatu. Nilipofika mlangoni nikakumbuka ile Krismasi kabla Baba hajafariki, Mama alivyowaambia shangazi zetu wote, mbele ya pombe ya mbege, kwamba mimi nitakuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe la maabara. Waligonga vibuyu. Nilirudisha karatasi ya ruhusa. Sijui kama nimefanya vizuri. Nikishinda mtihani nikaja nikakuta hanijui, nitakuwa nimemletea nani matokeo?

Naomba kitu kimoja. Kila siku mwonyeshe picha yangu, lakini usimuulize "huyu nani". Mwambie tu. Akiulizwa anaona aibu, mimi namjua.

Nimemwandikia pia. Humu utakuta karatasi yake. Nimemwambia kwamba ndama nimefurahi, na kwamba Baba akirudi Himo anisalimie. Kama nimekosea, Mungu atanisamehe. Sikuweza kumuua Baba mara ya pili kwenye barua.

Na mwambie Damian kwamba sisi wasichana tisa na mpishi hatukuugua chochote, na bado ile picha yenye maelezo ndiyo pekee ambayo kila mmoja aliishika akaitazama muda mrefu.

Elinipendo


Marangu
Jumatano, 20 Novemba 2024

Mpendwa Elinipendo,

Najua uko katikati ya mitihani, na Matroni amekubali kukupa hii siku ya mwisho.

Simu ya Mama imekufa. Aliitia kwenye ndoo ya maganda ya ndizi ya ng'ombe, akamimina na maji. Tuliikuta baada ya siku mbili. Nimenunua nyingine. Ili pochi yake ifunguke inahitaji walinzi wawili, na humo ndimo iliko fedha ya dawa zake yote. Mimi nimeshabonyeza.

Wa tatu nimemjua sasa, maana Kipochi kimenionyesha. Ni Baba. Mama hakuwahi kulifuta jina lake, Eliudi, kwenye simu, na mimi sikuwahi kuweka kitu cha kumzuia mtu kumchagua marehemu. Haikuniingia akilini. Laini yake ilikwisha kufungwa.

Kwa hiyo umebaki wewe. Jumamosi ya tarehe 30, ukishamaliza, njoo moja kwa moja nyumbani. Simu yako iko kwenye kabati lako, nimeichaji. Mimi naitwa Dar es Salaam, Damian ananikutanisha na wenye mtaji wiki hiyohiyo, nimeshindwa kuwapangia siku nyingine. Shangazi Eva atakuwepo na Mama.

Elinipendo, jiandae. Siku hizi hata mimi ananiita fundi.

Filemon


Marangu
Jumapili, 1 Desemba 2024

Kaka Filemon,

Shikamoo. Nimefika jana mchana. Ningeweza kukupigia, lakini naona haya mambo nayaandika vizuri kuliko kuyasema, na Filbert anashuka Moshi kesho, ataipakia barua kwenye basi la Dar.

Mama alikuwa mlangoni. Amepungua, gauni la kanisani linamning'inia. Aliniona na sanduku langu akanyoosha mikono miwili. Nilidhani amenijua. Nikakimbia.

Akasema, "Karibu mgeni, karibu. Umetoka mbali? Kahawa ipo tayari."

Shangazi Eva alitaka kumwambia. Nikamzuia kwa mkono. Mama akanikalisha kwenye kigoda cha wageni, akaanza tangu mwanzo kama anavyofanya na Wazungu. Akanionyesha buni kwenye kiganja, akanieleza ganda la nje na la ndani, akakaanga kwenye chungu mpaka zikalia. Akanipa mchi. Kaka, hakusahau hatua hata moja. Nilitwanga, yeye akaimba na kupiga makofi, akaniambia, "Mgeni una mikono mizuri. Nina binti kama wewe. Yuko shule." Nikamuuliza binti yake ni mtu wa namna gani. Akafikiri. "Anasoma," akasema. "Huyo atavaa koti jeupe."

Nikaendelea kutwanga. Kahawa ile ikawa laini kama unga wa mtoto.

Jioni nilitoa simu yangu kabatini. Kipochi kilikuwa kinanisubiri. Picha ya Mama, ile ya Pasaka na kilemba cha bluu, na chini yake: "Unamtambua?" Nilikuwa nimeliandika neno lile kambini, bila kujua chochote, nikiona fahari kwamba limeeleweka na wote. Nikabonyeza. Namtambua. Pochi ikafunguka kwenye simu yake mpya, na Shangazi ameshaagiza dawa.

Sasa nakupa taarifa ya mjaribishaji, maana kuna kosa. Pochi imefunguka, lakini kwenye kioo cha Mama umebaki mstari mmoja ambao hauondoki. Unasema: "Wawili wamekutambua. Tunamsubiri Eliudi."

Mama aliuona. Bado anasoma, kaka, polepole, kwa kidole. Alisoma mstari ule wote, akainuka, akaosha kikombe cha tatu, akakimiminia kahawa, akakifunika kwa kisahani. Akaniambia, "Mgeni, usiondoke kwanza. Mwenye nyumba yuko njiani."

Kwa hao watu laki moja, mwambie Damian mstari huo urekebishwe, usimsubiri mtu ambaye hatajibu. Ni makosa na utawaumiza watu. Lakini kwenye simu ya Mama naomba uuache kama ulivyo.

Nitabaki hapa mpaka matokeo yatoke. Kikombe bado kiko mezani.

Mdogo wako,
Elinipendo